Shushushu Mgongoni

Jioni ya tarehe 2 Desemba 2022 nilikuwa kwenye kibanda umiza nyuma ya stendi, nimebanwa kati ya vijana wa bodaboda na mzee mmoja muuza kahawa, tunaangalia Korea Kusini na Ureno. Saa ya Doha na saa yetu ni moja, kwa hiyo mechi ilianza saa kumi na mbili jioni na hakuna aliyelazimika kukesha. Ubao ulisomeka 1-1 mpaka dakika tisini zikakatika. Ndipo Son Heung-min wa Korea alipouchukua mpira karibu na kumi na nane ya timu yake, akakimbia nao karibu uwanja mzima, barakoa usoni, akaupenyeza katikati ya miguu ya beki, na Hwang Hee-chan akaumalizia wavuni. Kisha Hwang akavua jezi.

Kibanda kilipiga kelele, kikatulia kidogo, halafu sauti ikatoka nyuma: "Mbona kavaa sidiria?"

Watu wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa na begi miguuni, na ndani ya begi mlikuwa na fulana kumi za aina ile ile, bado zina jasho la mazoezi ya asubuhi. Nikajaribu kueleza kwamba ile ni fulana ya kubebea kifaa, kwamba kifaa kinapima mbio za mchezaji. Hakuna aliyesikiliza, wote walikuwa wanasubiri matokeo ya Ghana na Uruguay kujua kama Korea imevuka. Mzee wa kahawa peke yake ndiye aliyenigeukia.

"Kinapima, sawa," akasema. "Sasa kikishapima, kinamwambia yeye au kinawaambia wengine?"

Nilimjibu kwamba kinaliambia benchi la ufundi. Akatikisa kichwa, akaendelea kumimina kahawa. Wakati ule niliona swali lake ni la mtu asiyejua mambo ya kisasa. Imenichukua miaka kadhaa, na kijana mmoja wa beki ya kushoto, kujua kwamba mzee aliuliza swali lenyewe hasa.

Kuna jambo kuhusu Hwang ambalo pale kibandani hatukulizungumza. Alikuwa hajacheza mechi mbili za kwanza za Korea kwa sababu ya nyama za nyuma ya paja. Siku ile aliingia kipindi cha pili. Kwa hiyo ile fulana nyeusi iliyochekesha watu ilikuwa imefungwa kwenye mwili wa mtu ambaye paja lake lilikuwa limesumbua watu wengi kwa siku nyingi: daktari, kocha wa viungo, kocha mkuu, taifa zima. Mtu akitoka kwenye jeraha la nyama za paja, swali ni moja tu: ameshakimbia kwa kasi kiasi gani tangu apone, na paja limevumilia? Macho hayawezi kujibu hilo. Kifaa kinaweza.

Niseme kilivyo, kwa sababu nimekishika kwa mikono yangu. Kinatosha kiganjani, uzito wake ni kama wa yai la kuku. Kinaingia kwenye kimfuko kilichoshonwa katikati ya mabega, kwani hapo ndipo mwili unapotazamana na mbingu vizuri na hapagongwigongwi ovyo. Ndani mna kipokezi cha satelaiti, zile zile zinazomwonyesha dereva njia, zinazozunguka zaidi ya kilomita 20,000 juu ya vichwa vyetu. Mara 10 kila sekunde kifaa kinajua kilipo. Humo humo mna vihisi vinavyosoma mtikisiko wa mwili, mara 100 kwa sekunde au zaidi: hatua, mruko, breki ya ghafla, bega kwa bega, kuanguka. Ukiongeza mkanda wa kifuani unapata na mapigo ya moyo.

Kwenye viwanja vikubwa vya Ulaya, majukwaa marefu na mapaa huziba anga, na satelaiti zinapotea, ndiyo maana wengi huko hutegemea pia kamera. Kwetu jukwaa ni tuta la udongo na miembe miwili. Anga liko wazi kutoka kibendera cha kona hii mpaka kile. Hapo hatukuzidiwa na mtu.

Kampuni mbili zimetawala biashara hii: Catapult, iliyoanzishwa Melbourne, Australia, mwaka 2006, na STATSports ya Newry, Ireland Kaskazini, mwaka 2007. IFAB, wenye sheria za mpira, waliruhusu vifaa hivi kuvaliwa kwenye mechi rasmi mwaka 2015, sharti visimwumize mtu. Sisi tulivipata kwa njia ya mfadhili aliyekuja na sanduku la vifaa kumi vilivyokwisha kutumika. Klabu yetu ilikuwa ya daraja la chini, huku pwani, na sitaitaja. Wachezaji ishirini na wanne, vifaa kumi, kocha wa viungo mmoja, ndiye mimi.

Wachezaji walikipa jina siku ya kwanza: shushushu. Golikipa wetu alikataa kukivaa kabisa. Alisema kuna watu wanachukua nyota ya mtu kwa vitu vidogo kuliko hicho, na yeye hawezi kuwekewa kitu mgongoni asichojua kinapeleka nini wapi. Wenzake walimtania wiki nzima. Mimi nilimheshimu nikamwacha, lakini moyoni niliona ni ushirikina tu. Leo naona alikuwa ameona jambo ambalo sisi wengine hatukuliona, ila alilitaja kwa lugha yake: kuna kitu kinatoka kwake kinakwenda kwa mtu mwingine, na hakuna aliyemwomba ruhusa.

Faida nilizoziona ni za kweli, na nazitetea. Tulikuwa na kiungo mmoja mtaratibu, hapigi kelele, hatelezi kwenye tope kuonyesha watu. Mashabiki walimwita mzembe. Nilipomvalisha kifaa, ilionekana anavuka kilomita 11 kwa mechi, hakuna aliyemkaribia. Mapafu ya mbwa, na alikuwa anatukanwa kila Jumamosi. Kocha mkuu aliyaona yale, akaacha kumtoa dakika ya sitini.

Lakini umbali wote ule sio unaoumiza watu. Kinachochana paja ni kasi kubwa na breki kali. Wataalamu huhesabu peke yake zile mita zilizokimbiwa kwa kasi inayozidi kilomita 19.8 kwa saa, na kuzihesabu tena zile za zaidi ya 25.2, ndizo mbio za kufyatuka. Winga anaweza kutembea nusu ya mechi na bado akawa ndiye aliyechoka kuliko wote, kwa sababu amefyatuka mara ishirini na tano kwenye jua la saa nane mchana. Jua hilo nalo lina hesabu yake. Kocha wa Ulaya anayesoma chati anapoona mbio zimepungua kipindi cha pili anaweza kufikiri mchezaji hana pumzi. Huku pwani mwezi Februari mwili wenyewe unajiwekea breki usije ukaungua, na ni akili ya mwili hiyo.

Kuna kanuni niliyoitegemea sana mwanzoni. Mtafiti wa Australia, Tim Gabbett, aliandika mwaka 2016 kwamba uchukue kazi ya mchezaji ya wiki hii uilinganishe na wastani wa wiki nne. Ikiwa kati ya 0.8 na 1.3, yuko salama kiasi. Ikipita 1.5, hatari. Niliibandika ukutani. Baadaye nikaja kusoma kwamba watafiti wengine, akiwemo Franco Impellizzeri, wameipinga kwa hoja nzito: hesabu yenyewe ina kasoro, na haitabiri jeraha kama tulivyoaminishwa. Sikuibandua, lakini niliacha kuitumia kama ramli. Namba ilinipa sababu ya kumwita kijana pembeni na kumuuliza amelalaje, anaumwa wapi. Ikinipa hilo, inatosha.

Hapa lazima niseme na habari ya moyo, maana kila mzazi aliyeona ule mkanda wa kifuani aliniuliza. Mama wa mshambuliaji wetu alikuja uwanjani siku moja, akakishika kifaa, akasema, "Afadhali. Sasa moyo ukitaka kusimama mtajua." Ilibidi nimwambie ukweli, na ulikuwa mgumu kuusema.

Sote tunakumbuka tarehe 26 Juni 2003, Lyon, nusu fainali ya Kombe la Mabara, Cameroon na Colombia. Marc-Vivien Foé alianguka katikati ya uwanja bila kuguswa na mtu, akafariki. Alikuwa na miaka 28, na misuli ya moyo wake ilikuwa imenenepa kupita kiasi. Huku kwetu, Desemba 2016, kijana wa Mbao FC kwenye ligi ya vijana alianguka Uwanja wa Kaitaba, Bukoba, siku ambayo alikuwa ameshafunga bao. Hakuamka. Niliposikia habari ile sikula chakula cha usiku.

Mkanda unaohesabu mapigo hauoni ukuta wa moyo ulivyo. Unasema 178 kwa dakika, na 178 kwa kijana anayekimbia ni kawaida. Ugonjwa wa Foé unatafutwa kabla ya msimu, kwa kipimo cha umeme wa moyo na picha ya moyo, na kwa kuuliza kama kuna ndugu katika ukoo aliyefariki ghafla akiwa kijana. Na mtu akishaanguka, kinachomrudisha ni mikono ya kukandamiza kifua na mashine ya kushtua moyo. Christian Eriksen wa Denmark alianguka Copenhagen tarehe 12 Juni 2021, na daktari wa timu alisema walimrudisha kwa mshtuko mmoja tu. Akapandikizwa kifaa kidogo kifuani chenye kufanya kazi hiyo kikihitajika. Italia, alikokuwa akicheza, hawakumruhusu kucheza nacho, akaenda Brentford ya Uingereza mwaka uliofuata, na Juni 2024 aliifungia Denmark kwenye Euro. Hicho ndicho kifaa ambacho kweli kinalinda moyo wa mchezaji, na kiko chini ya ngozi yake.

Klabu yetu ilikuwa na mashushushu kumi na haikuwa na mashine hata moja ya kushtua moyo. Nililisema kwenye kikao, nikaambiwa bajeti. Bado nalisema: mwenye fedha ya kununulia kitu kimoja, anunue hiyo mashine, na awafundishe watu watano kuitumia, yule mwenye funguo za geti akiwa mmoja wao.

Sasa kijana wa beki ya kushoto.

Alikuwa na miaka ishirini, mwepesi, mkimya, kati ya wale wanaofika mazoezini wa kwanza na kukaa peke yao kufunga viatu. Kila Jumatatu, kuanzia mwezi wa pili wa msimu, namba zake zilianguka. Mbio za kufyatuka zilipungua kwa zaidi ya theluthi, breki zake zikawa nzito. Jumatano anarudi sawa, Jumamosi anacheza vizuri, Jumatatu anaanguka tena. Nilimuuliza mara ya kwanza, akasema hakulala vizuri. Mara ya pili akasema tumbo. Mimi nikaandika kwenye ripoti: "Anachelewa kurudi katika hali yake baada ya mechi." Ripoti ikaenda kwa uongozi kila mwezi, kama mfadhili alivyotaka.

Wiki ya sita nilimkuta nyuma ya choo cha uwanja anajipaka dawa ya maumivu pajani. Nikakaa chini kando yake. Hakusema kitu kwa muda mrefu. Kisha akasema: "Kocha, Jumapili nacheza ndondo."

Mshahara ulikuwa haujatoka kwa miezi miwili. Mtaa wa pili kulikuwa na mashindano ya mchangani, na mwenye timu alimpa elfu ishirini kwa mechi na nauli. Akicheza vizuri, watu walimtunza, wanamshikisha noti mkononi au wanazichomeka kwenye bukta. Jumapili moja alirudi nyumbani na elfu hamsini na tano. Mdogo wake alikuwa kidato cha tatu, amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Anacheza dakika tisini Jumamosi kwa klabu isiyomlipa, na dakika tisini nyingine Jumapili kwenye kiwanja chenye mawe kwa watu wanaomlipa, na Jumatatu asubuhi anavaa fulana yangu.

Shushushu alikuwa amesema kweli tupu. Miguu imechoka. Ila alikuwa hajui kwa nini, na mimi niliyepaswa kujua kwa nini nilikuwa nimeishia kwenye chati.

Nilimwahidi kwamba nitazungumza na uongozi habari ya mishahara bila kumtaja. Nilizungumza. Lakini zile ripoti zilikuwa zimeshasomwa. Mwisho wa msimu aliitwa ofisini, akawekewa karatasi yangu mezani, mishale ya rangi nyekundu ikielekea chini, akaambiwa kiwango chake kimeshuka na mkataba mpya utakuwa nusu ya ule wa zamani. Hakuwa amewahi kuiona karatasi ile. Aliniambia baadaye kwamba alifikiri ni vipimo vya hospitali.

Nimekaa na jambo hilo muda mrefu. Nilizikusanya namba kutoka kwenye mgongo wake nikiamini ninamlinda, na siku zilipotumika kumkata mshahara, kila mtu chumbani alikuwa anaujua mwili wake kuliko alivyoruhusiwa kuujua yeye.

Tangu hapo nimesoma kila nilichokipata kuhusu nani mwenye haki na taarifa hizi, na nimegundua kwamba wachezaji wa kwingine wameshaamka. Uingereza, mamia ya wachezaji wa sasa na wa zamani walijiunga na harakati iitwayo Project Red Card, iliyoongozwa na kocha Russell Slade, kuzidai kampuni zinazouza takwimu zao bila ridhaa. Septemba 2022 FIFPRO, chama cha wachezaji wa dunia, pamoja na FIFA walitoa hati ya haki za taarifa za mchezaji: kuelezwa kinachokusanywa, kukiona, kukisahihisha, kuhama nacho, kukataa. Kwenye Kombe la Dunia la Qatar kulikuwa na programu ya simu ambayo kila mchezaji aliona takwimu zake mwenyewe baada ya mechi. Hwang aliyevua jezi mbele yetu angeweza kufungua simu yake na kusoma mbio zake. Na kiungo wa Ubelgiji, Kevin De Bruyne, mwaka 2021 alizungumza mkataba wake na Manchester City bila wakala, akiwa ameajiri wachambuzi wa takwimu wamwandalie hoja zake. Karatasi kama ile iliyomkandamiza beki wangu, mwenzake aliiweka mezani kwa mkono wake.

Sheria nasi tunazo. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na inaitambua hali ya afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na mtu ana haki ya kuomba kuziona taarifa zake zilizoshikwa na mwingine. Sijawahi kukutana na mchezaji wa daraja la chini anayejua hilo. Mikataba niliyoiona ina ukurasa mzima juu ya nidhamu na jezi, hakuna mstari mmoja juu ya fulana ya ndani. Mwaka 2027 AFCON inakuja Tanzania, Kenya na Uganda, na vifaa hivi vitazidi kuingia kwenye klabu zetu. Viingie. Ila mkataba useme ni nani anayesoma, na mchezaji awe wa kwanza.

Niliondoka klabu ile. Sasa nafundisha viungo kwenye kituo cha vijana, tuna vifaa sita, na nimenunua kaunta buku moja kwa kila mtoto. Baada ya mechi tunakaa chini ya mwembe, nawasomea namba zao mmoja mmoja, faragha, na kila mmoja anaandika kwa mkono wake. Upande wa kushoto wa ukurasa ni wa kifaa: kilomita, mbio, breki. Upande wa kulia ni wake: nimelala saa ngapi, nimekula nini, naumwa wapi, jana nilifanya nini. Daftari linakaa kwake. Kocha mkuu akitaka kuliona, anamwomba mwenyewe. Mwezi wa kwanza makocha walilalamika. Watoto wawili waliandika upande wa kulia kwamba wanabeba maji kila alfajiri kabla ya shule, na tukahamisha mazoezi yao mazito kwenda Jumamosi. Hakuna mshale mwekundu ungetuonyesha yale maji.

Wiki tatu zilizopita beki wa kushoto alikuja. Ameacha klabu ile, amepata nafasi ya kujaribiwa mkoa mwingine. Nilimwomba radhi, kwa mara ya pili, akasema yameisha. Kisha akauliza kama bado ninazo namba zake. Nilikuwa nazo kwenye kompyuta, msimu mzima. Tukakaa mpaka magharibi, mimi nasoma, yeye anaandika kwenye daftari jipya. Tulipofika kwenye Jumatatu za mwezi wa pili nilisita, nikamuuliza kama tuziruke.

"Hapana, kocha. Zisome," akasema. Akachora mstari katikati ya ukurasa, na upande wa kulia, mkabala na kila Jumatatu, akaandika: *Jana nilicheza ndondo. Ada ya mdogo wangu.*